KURUKA SIO SIFA: DOGO WA ISAKA NA GOTI LILILOGOMA

Kwenye simu kila mtu anaruka. Fungua TikTok saa hizi, ndani ya dakika tano utamkuta jamaa wa Marekani kavua shati, anapaa kutoka chini mpaka juu ya boksi linalomfika kifuani, muziki unagonga, halafu yanatokea maandishi: ongeza sentimita 30 ndani ya wiki mbili. Hakuna anayekuonesha huyo jamaa alikuwa anafanya nini miaka mitano kabla ya klipu. Na hakuna anayekuonesha goti lake kesho yake asubuhi.

Klipu ya aina hiyo ndiyo ilimkuta dogo mmoja wa Isaka, jina kapuni.

Dogo ana miaka 19. Mchana ni kibarua wa mizigo, jioni ni winga wa timu ya kitaa. Kwa wasioijua Isaka, ni pale reli ya Tabora kwenda Mwanza inapokutana na barabara ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kuna bandari kavu: mzigo ulioshuka melini Dar unakuja kwa treni, unahamishiwa kwenye lori, safari inaendelea. Mji mzima unaishi kwa migongo na miguu. Ukiwa na nguvu, unakula. Mguu ndio mtaji.

Huo mtaji dogo alitaka umlipe mara mbili. Alisikia kuna majaribio ya wachezaji Kahama baada ya miezi miwili, na mawinga wanatafutwa. Spidi anayo, krosi anapiga. Tatizo lake ni mipira ya juu. Mabeki wanamfunika kama blanketi. Alipoona ile klipu akajua dawa imepatikana. Boksi hana, ila bodi la semi lipo. Kila jioni yeye na washkaji wanne wakawa wanapanda kwenye tela tupu, wanajirusha chini, wakigusa ardhi tu wanapaa tena. Mara 50, siku nyingine mara 60. Mmoja anashika simu, anarekodi.

Na ukweli usemwe, ilifanya kazi. Wiki ya pili dogo alipaka chaki kwenye vidole, akaruka pembeni ya ukuta, alama ikakaa juu ya ile ya mwanzo. Washkaji wakapiga kelele. Klipu ikapandishwa, likes zikaja, kuna mpaka dereva mmoja wa malori ambaye alimrushia vocha. Nani angemwambia dogo aache?

Hapo ndipo mtego ulipo, na wengi wanaonaswa hawauoni.

Mazoezi haya ya kurukaruka wataalamu wanayaita plaiometriki. Sio kitu cha TikTok. Yanatoka Urusi ya Kisovieti, kwa kocha na mtafiti aliyeitwa Yuri Verkhoshansky, ambaye miaka ya mwishoni mwa 1950 na ya 1960 alianza kuwashusha warukaji wake kutoka mahali pa juu ili wakigusa chini waruke papo hapo. Jina lenyewe limetoka kwa Mmarekani, Fred Wilt, mkimbiaji wa Olimpiki za 1948 na 1952 ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa upelelezi, mtu wa FBI kabisa. Wilt ndiye aliyeliweka neno hilo kwenye maandishi mwaka 1975, akiwa na hamu ya kujua Wasovieti wanafanya nini mpaka wanapaa vile.

Siri yao haikuwa ngumu. Yeyote aliyekulia Usukumani akawinda ndege na manati anaijua. Ukivuta mpira wa manati ukauachia hapo hapo, jiwe linakwenda. Ukiuvuta nusu nusu, halifiki. Mguu nao una mpira wake: kano, ile kamba nyeupe inayofunga msuli kwenye mfupa. Iliyo maarufu iko juu ya kisigino, nyingine iko chini ya pia ya goti. Unapotua, msuli na kano vinavutwa. Ukiruka haraka, nguvu iliyojikusanya inakurudisha juu. Ukitua ukakaa kidogo kama mtu anayetafuta hela iliyoanguka, nguvu inapotea kwa joto, na unaanza upya kwa msuli mtupu. Kwa miruko ya haraka, mguu unatakiwa ukae chini kwa muda usiofika robo ya sekunde.

Sasa kwa nini dogo alipaa ndani ya wiki mbili? Sio kwamba msuli ulikua, na kano haikuwa imebadilika kitu. Kilichobadilika ni mawasiliano. Ubongo ulijifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa mpigo mmoja, na kuziamsha mapema kabla mguu haujagusa chini. Ni kama genge la vibarua waliozoeana: watu ni walewale, gunia ni lilelile, ila sasa wote wanainua kwenye "haya twende" moja. Faida hiyo inakuja haraka na inanogesha.

Msuli unafuata baada ya wiki kadhaa. Kano inakuja mwisho kabisa. Nenda bucha yoyote ukaangalie: ile nyama nyekundu ni msuli, na msuli hupata damu nyingi; ule mshipa mgumu mweupe unaokushinda kutafuna hupata damu kidogo. Penye damu kidogo ukarabati ni wa polepole. Kano inahitaji wiki 8, 12 na zaidi za mzigo unaoongezwa kidogo kidogo ndipo iwe ngumu kweli. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho injini imeshakuwa ya basi na breki bado ni za bodaboda. Dogo alikuwa ndani ya kipindi hicho, na alikuwa anakanyaga mafuta.

Wiki ya nne maumivu yalianza. Kwanza kidogo, chini ya pia ya goti la kushoto, kama mtu anakubonyeza kwa kidole. Akipasha mwili yanaondoka, gemu anacheza freshi. Kesho yake asubuhi akiinuka kitandani yanarudi na ndugu zao. Hiyo tabia ya kuondoka ukipasha moto na kurudi asubuhi ndiyo dalili ya kano iliyochoka, na ndiyo inayowadanganya vijana wengi. Ukicheza huumwi, unajiambia umepona.

Dogo alinyamaza. Sio kwa ushamba. Kibarua analipwa kwa alichobeba. Akisema goti linauma, msimamizi atamwita mwingine, na wengine wapo wengi wamekaa kwenye kivuli wanasubiri jina lao. Nyumbani kuna mama na mdogo wake wa kike anayesoma. Akawa anafunga kitambaa, anameza vidonge vya maumivu vya dukani, anapiga mzigo, jioni anapanda kwenye tela. Wiki ya sita akashindwa kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Aliyemgundua ni mzee mmoja mstaafu ambaye zamani alikuwa mruka chini hatua tatu kwenye michezo ya kazini. Mzee huwa anakaa pembeni ya kiwanja na redio yake, hasemi na mtu. Siku hiyo akamwita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo umeruka mara ngapi?"

"Bado babu, hata sijaanza mazoezi."

"Sijauliza mazoezi mjukuu wangu. Nimeuliza umeruka mara ngapi."

Dogo hakuelewa. Mzee akamwambia ahesabu kuanzia asubuhi. Malori mangapi? Manne. Kila lori umepanda na kushuka mara ngapi? Kama kumi. Unashukaje, kwa ngazi au unaruka? Babu, ngazi nani ana muda nayo, tunaruka.

Mara arobaini. Kutoka kwenye bodi la semi ambalo ukisimama chini yake linakupita kiuno, zaidi ya mita moja. Mtu anayeanza mazoezi haya anashauriwa kushuka kutoka sentimita 20 au 30 tu. Na idadi yake yote kwa siku ya mazoezi, kuhesabu kila mguu unapotua, iwe kati ya 80 na 100, tena miruko mepesi, mara mbili kwa wiki. Dogo alikuwa anamaliza miruko mizito 40 kazini kabla hajaanza hiyo 60 ya jioni. Siku sita kwa wiki.

"Mwili una daftari moja," mzee akasema. "Haujui hii ni kazi na hii ni mazoezi. Unaandika yote."

Hapo ndipo tofauti kati ya dogo na mwenye klipu ilipo. Jamaa wa kwenye klipu akimaliza kuruka anakaa kwenye kochi, anakula mayai manne. Siku ya mapumziko kwake ni mapumziko kweli. Kibarua wa Isaka, machinga wa Kahama, kijana wa machimboni Geita anayepanda na kushuka shimoni, hao wote wameshaandikiwa mzigo kwenye daftari kabla jua halijazama. Hawawezi kunakili programu ya mtu anayelala mchana. Wale Wasovieti wa Verkhoshansky nao walikuwa wanariadha waliokwisha kujengwa kwa miaka ndipo wakapandishwa juu ya boksi, na waliruka kwa vipindi maalumu. Sio kila jioni kama kwenda kuchota maji.

Halafu kuna ishu ya sentimita 30. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya tafiti nyingi za mazoezi haya, ulikuta watu wanaongeza takriban asilimia 4.7 mpaka 8.7 ya mruko wao. Kwa mtu anayeruka sentimita 40, hizo ni sentimita 2 mpaka 3 na ushee. Upana wa vidole viwili. Ni kidogo kwa macho, ila kwenye kona ya dakika ya 89 vidole viwili ni goli. Anayekuahidi 30 ana kitu anauza.

Na faida sio ya kwenda juu tu. Mwaka 1999 watafiti wa Finland waliwachukua wakimbiaji wa masafa, wakabadilisha karibu theluthi moja ya mazoezi yao ikawa ya nguvu za haraka, miruko na mbio fupi. Baada ya wiki 9 muda wao wa kilomita 5 ulipungua, wakati uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukuongezeka. Pumzi ni ileile, ila miguu imejifunza kurudisha nguvu badala ya kuimwaga chini. Kwa wenye kudharau vitu vidogo, wakumbuke Septemba 2025 pale Tokyo: Alphonce Simbu wa Singida alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kilomita 42, tofauti haifiki kupepesa jicho.

Sasa kuna binti mmoja hapo hapo Isaka, naye jina kapuni, mchezaji wa netiboli, mama yake ni mama ntilie. Wakati washkaji wanajirekodi kwenye tela, yeye alikuwa na kamba. Ile ile ya kuruka shuleni, kamba ya katani. Washkaji walikuwa wanamcheka, mazoezi ya darasa la tatu hayo. Kumbe kuruka kamba ndio plaiometriki ya kwanza: miruko mifupi, mguu unagusa na kuondoka, kisigino hakikai chini, mzigo mdogo kwenye goti, na kano ya kisigino inafundishwa taratibu. Binti alikuwa anafanya Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine hata umpe hela hagusi kamba. Baada ya miezi mitatu alikuwa anadaka mipira ya juu mbele ya wasichana wanaomzidi kimo, na hajawahi kufunga kitambaa gotini.

Mzee ndiye aliyempangia. Na dogo alipokubali kukaa chini, akapangiwa naye, ila kwanza goti.

Wengi wanadhani dawa ya kano ni kulala tu mwezi mzima. Hapana. Kano iliyolazwa kabisa inalegea zaidi, ukirudi inauma upya. Inataka mzigo, ila mzigo wa polepole usio na kishindo. Dogo akawekwa kuegemea ukuta, magoti yamekunjwa kama amekaa kwenye kiti kisichoonekana, sekunde 45, anapumzika, anarudia mara tano. Baadaye kuchuchumaa taratibu, hesabu tatu kushuka na tatu kupanda, halafu akiwa amebeba kiroba. Maumivu kidogo yanayoisha kufikia kesho yake yanavumilika. Yakiongezeka asubuhi, mzigo unapunguzwa. Mzee alimpa na onyo: ukisikia kitu kinapasuka pa, goti likavimba au ukashindwa kunyoosha mguu, hapo hakuna cha babu wala kitambaa, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuruka kulirudi wiki ya nane, tena kuruka kwenyewe hakukuwepo. Wiki mbili nzima alijifunza kutua. Anasimama juu ya tofali moja, anashuka, anatua kimya. Ukisikia kishindo, imeharibika. Magoti yanaelekea vidole vya miguu vinakoelekea, hayaingii ndani kugusana, maana goti linaloanguka kwa ndani ndilo linalokata kano za katikati, na likishakata msimu umeisha. Nyonga inarudi nyuma, kifua juu ya magoti, unajikunja laini. Asiyejua kutua hana haki ya kuruka.

Baada ya hapo kamba, raundi tatu za sekunde 20. Halafu kudunda kwa vifundo vya mguu, magoti yamenyooka karibu kabisa, kama mpira wa tenisi. Halafu kuchuchumaa na kuruka, mitano kwa raundi tatu, na kati ya raundi anapumzika dakika mbili, sio sekunde kumi. Hii inawachanganya wengi. Mazoezi haya sio ya kutoa jasho. Ukiruka ukiwa umechoka, mguu unakaa chini muda mrefu, manati inapoteza nguvu, unachojifunza ni kuruka vibaya. Ukiona mruko wa nne uko chini ya wa kwanza, funga, nenda nyumbani.

Kati ya siku moja ya kuruka na nyingine, saa 48 mpaka 72. Na siku ambayo malori yalikuwa mengi, hakuna kuruka. Daftari limejaa.

Uwanja nao una neno. Zege linarudisha kishindo chote mguuni. Mchanga mwingi unameza nguvu, manati haifanyi kazi. Udongo ulioshindiliwa, kama kiwanja cha kitaa kikishakauka, unafaa. Kandambili hapana. Na chakula hakihitaji unga wa kopo wa laki moja. Dagaa wa ziwani, maharage, maziwa yakipatikana, na michembe au matobolwa kwa ajili ya nguvu. Usingizi ni bure, ila bando la usiku linauiba.

Kuna watakaosema: mbona Julius Yego? Ni kweli. Mrusha mkuki wa Kenya alijifunza kwa kutazama YouTube, akaenda Beijing mwaka 2015 akarusha mita 92.72, bingwa wa dunia. Ila stori ikisimuliwa huwa inakatwa katikati. Kabla ya Beijing, Yego alipata nafasi ya kwenda kufanya mazoezi Finland, chini ya kocha aliyemwona kwa macho. Klipu ilimfungulia mlango, jicho la mtu likamrekebisha. Tena watafiti waliowapima wakimbiaji bora wa Kenya wamekuta kano zao za kisigino ni ndefu kuliko za waliolinganishwa nao. Kila mtu na manati yake. Klipu haiwezi kukuonesha kano za mwenye klipu, wala kukwambia za kwako zimeshabeba nini leo.

Majaribio ya Kahama yalipita. Dogo hakwenda. Siku hiyo alikuwa kazini, na hakuweka chochote kwenye simu. Wawili kati ya wale washkaji walikwenda, mmoja alirudi na nauli ya kuazima, mwingine ameambiwa asubiri kupigiwa.

Gharama ya wiki zile haikuwa ndogo. Alibeba nusu ya alichozoea, na kuna wiki mbili mdogo wake alikwenda shule bila hela ya uji. Ndio maana habari hii haihusu mpira peke yake. Kwa kijana mwenye mshahara wa mwezi, goti likigoma anakosa mechi. Kwa anayelipwa kwa gunia, goti likigoma nyumba nzima inachechemea.

Sasa hivi goti linafanya kazi. Alama yake ya chaki iko vidole viwili juu ya ile ya kwanza kabisa, haijafika ile aliyoiweka kwa sifa wiki ya pili akishangiliwa. Mzee anasema itafika ikiwa haitakimbizwa. Na kazini amebadilisha kitu kimoja tu ambacho vibarua wenzake walimcheka kwanza, sasa watatu wanamuiga: anashuka kwenye semi kwa ngazi. Sekunde nne zaidi kwa kila lori. Anasema miruko yake ameiwekea kazi nyingine.

Wewe unayeruka kila siku kwa sababu ya klipu, fanya hesabu ya leo kabla hujavaa raba. Umeruka mara ngapi? Weka jibu hapo chini, na la kweli.